Gunia lililokataliwa mpakani lisiishie jikoni

Machi 5, 2021, Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu. Siku chache baadaye zuio liliondolewa kwa masharti: mwagizaji asajiliwe, na mzigo uwe na cheti kuonyesha kuwa sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa bilioni.

Kelele za wakati ule zilikuwa za malori na siasa. Swali moja halikuulizwa: gunia likikataliwa mpakani, linakwenda wapi?

Mwenye lori hutafuta mnunuzi mwingine. Mama mwenye magunia matano, aliyoyanunua kwa mkopo wa kikundi, hana ubavu wa kuyatupa. Huyarudisha kwenye chumba anacholala na wanawe, akachambua yenye ukungu na kusaga yanayobaki. Mabovu kabisa hupewa kuku na ng'ombe.

Hilo ndilo kosa linalomaliza familia. Punje inaweza kung'aa na bado ikawa na sumu. Ugali kuiva hakuiondoi. Ng'ombe akila, sumu huingia kwenye maziwa. Ikiliwa kwa wingi huharibu ini kwa siku chache. Ikiliwa kidogo kidogo kwa miaka, huleta saratani ya ini. Mwaka 2004 watu 125 walikufa mashariki mwa Kenya, Makueni na Kitui zikiumia zaidi, kwa mahindi yaliyowekwa majumbani yakiwa na unyevu. Mwaka 2016 msiba wa aina hiyo uliingia Dodoma na Manyara.

Chumba chenyewe nacho kinaugua. Magunia yakiegemezwa ukutani na dirisha likifungwa kwa hofu ya wezi, vumbi la ukungu humkohoza usiku kucha mtoto mwenye pumu.

Mfanyabiashara ana la kufanya kabla hajatoa fedha. Atie punje na chumvi kavu kwenye chupa kavu, atikise, asubiri dakika chache. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi hayo bado mabichi, aachane nayo. Isipoganda, bado si cheti: kiwango cha Afrika Mashariki ni unyevu usiozidi asilimia 13.5, na hapo kinahitajika kipimo. Nyumbani, magunia yakae juu ya chaga, mbali na ukuta.

Lakini chupa ya chumvi haipimi sumu, na serikali zisimwachie mama huyu mzigo wote. Kumpimia mpakani ni kumpimia akiwa ameshalipa mkulima, gari na ushuru wa soko. Vipimo vishushwe kwenye magulio anakonunulia, kwa ada inayolingana na magunia matano, na cheti kikubalike pande zote mbili. Na mzigo unaokataliwa uharibiwe palepale kwa fidia, hata ya nusu bei. Bila fidia hiyo, atauficha na kuurudisha nyumbani.