Mcheza Kwao Hutuzwa: Fundisho la Nyumba ya Lubaki



Mara nyingi tunapomfikiri mchoraji, tunamwona mtu mmoja aliyejitenga na watu, akichora peke yake na kusifiwa peke yake. Lakini mojawapo ya kurasa za kwanza za uchoraji wa karatasi katika nchi yetu iliandikwa na nyumba moja: mume na mke waliochora pamoja. Napenda tuwakumbuke leo, kwa maana habari yao inagusa jambo ambalo vikundi vyetu vinaweza kulitenda mwaka huu huu.

Wale wa Katanga wanaijua Bukama, kandokando ya mto Lualaba. Reli itokayo Lubumbashi, mji ulioitwa wakati ule Élisabethville, ilifika huko mwaka wa 1918, na toka hapo wasafiri waliendelea kwa mashua. Mwaka wa 1926, Mbelgiji mmoja mtumishi wa serikali ya kikoloni, Georges Thiry, alivutwa na nyumba za udongo ambazo kuta zake zilikuwa zimepambwa kwa michoro. Ndivyo alivyomfahamu Albert Lubaki, fundi wa kuchonga pembe za ndovu, pamoja na mke wake Antoinette. Akawapa karatasi na rangi za maji, ili kazi ambayo mvua ingeifuta ukutani ipate kudumu.

Wakachora walivyozoea: wanyama, ndege, miti, watu katika shughuli zao. Mistari ilikuwa michache na nafasi tupu ilikuwa kubwa, hata kila kiumbe kikaonekana kama kimesimama uwanjani mbele ya macho yetu. Thiry alizituma karatasi Brussels kwa Gaston-Denys Périer, aliyefanya kazi katika Wizara ya Makoloni na kuipenda sanaa ya Kongo. Mwaka wa 1929 michoro ya Lubaki ilionyeshwa Brussels katika Palais des Beaux-Arts, na mwaka wa 1930 ikaonyeshwa Geneva. Baadaye msaada kutoka Ulaya ulikoma, na jina la nyumba ile likafifia kwa miaka mingi. Mwaka wa 2015, jumba la Fondation Cartier huko Paris lilipofanya maonyesho makubwa ya sanaa ya Kongo, hesabu ya miaka ilianzia 1926, mwaka ule wa Bukama. Karatasi za Albert na za Antoinette zikatundikwa tena ukutani, mbele ya maelfu ya wageni.

Ni habari ya kutufurahisha. Hata hivyo, kila ninapoitafakari, mambo mawili hunisumbua.

La kwanza ni hili: karatasi zile zilisafiri, lakini maonyesho hayo yalifanyika mbali na majirani. Mchoro ulipokuwa ukutani, kila apitaye kwenda mtoni aliweza kusimama, kucheka, kusifu, au kusema kwamba miguu ya mnyama yule haikukaa sawa. Mtoto aliweza kutazama mkono wa mama unavyokwenda na kujifunza bila kulipa karo. Mchoro ulipohamia karatasini, jicho la jirani liliondolewa, na mahali pake likawekwa jicho la mtu wa mbali. Simlaumu aliyeleta karatasi. Bila karatasi hizo, hakuna hata mstari mmoja ambao ungetufikia. Lakini wahenga walisema kwamba mcheza kwao hutuzwa, na nyumba ya Lubaki ilitunzwa kwa wengine kuliko ilivyotuzwa kwao.

La pili ni jina. Katika maandishi mengi, mtu anaposoma neno Lubaki peke yake, anayetajwa ni mume. Mke hutajwa kwa ufupi, kana kwamba alikuwa akishika tu chombo cha rangi. Kumbe Antoinette alichora kwa mkono wake, na leo kazi zake huonyeshwa kwa jina lake mwenyewe. Kuonyesha kazi kama jamaa moja si kuwameza wote chini ya jina la baba. Jamaa ya kweli ni ile ambamo kila mmoja anajulikana kwa alichofanya, na wote hufurahi kukaa katika ukuta mmoja.

Kuna wanaofikiri kwamba watu wetu hawajali sanaa. Historia ya Lubumbashi inawakatalia. Katika miaka ya 1970, wafanyakazi na walimu walinunua michoro na kuitundika sebuleni: mamba muntu, yule mwanamke wa majini, au mfungwa anayechapwa fimbo wakati wa ukoloni. Tshibumba Kanda Matulu, mmoja wa wachoraji wa wakati ule, alichora zaidi ya picha 100 kuisimulia historia ya nchi nzima. Wanunuzi hao hawakuwa matajiri. Walinunua kwa sababu picha iliwasemesha habari yao wenyewe. Na tangu mwaka wa 2008, shirika la Picha limekuwa likiandaa maonyesho ya Biennale mjini Lubumbashi, ili wasanii waonekane pia na watu wa mji wao.

Basi maoni yangu ni haya: kila parokia yenye ukumbi inayo tayari nyumba ya maonyesho, na kila parokia inazo jamaa za wasanii zisizojijua. Baba ni seremala. Mama anadarizi vitambaa vya meza. Bibi anafinyanga vyungu au anasuka vikapu. Kijana anachora matangazo kwenye kuta za maduka, na dada yake anajaza daftari picha za watu wa mtaa, kisha analificha chini ya godoro. Wote wanaishi chini ya paa moja, lakini hakuna aliyewahi kuona kazi zao zimepangwa pamoja. Tuwaombe jamaa tatu au nne watuletee kazi zao kwa Jumapili moja. Tunahitaji kamba, vibanio vya nguo, meza chache na karatasi za kuandikia majina.

Ila tushike masharti. Kila kazi iandikwe jina la aliyeifanya, hata akiwa mtoto wa miaka minane. Kazi ikiuzwa, bei iwe wazi na faranga zote zimfikie mwenyewe. Tusichague wanaume tu kwa sababu mbao huonekana kubwa kuliko uzi. Tena wenye kazi wawe karibu, wajibu maswali, wasikie pia makosa yao, kwa maana jirani anayekosoa kwa upendo ni mwalimu.

Najua mtakayoambiwa: njaa haiponywi kwa picha. Ni kweli, wala sitawadanganya kwamba maonyesho ya siku moja yatalipa karo. Albert Lubaki mwenyewe alikuwa na ufundi mwingine mkononi. Lakini kuna hasara nyingine isiyoonekana sokoni. Kijana ambaye kazi yake haijatazamwa na yeyote nyumbani hujifunza kungoja mgeni aje kumwambia kwamba anacho kipawa. Mgeni asipokuja, daftari hubaki chini ya godoro hadi panya walile. Mgeni akija, kijana atakubali bei yoyote, na kuacha jina lolote liandikwe juu ya kazi yake, kwa kuwa hakuwahi kupata kipimo kingine cha thamani yake.

Tusingoje Thiry mwingine apite njiani. Kuta tunazo, na macho tunayo.

Ya kuzungumzia katika kikundi:

1. Katika nyumba yenu, ni nani anayefanya kazi nzuri ya mikono ambayo hakuna aliyewahi kuisifu mbele ya watu?

2. Ni kazi za nani, katika parokia yetu, hutajwa kwa jina la mtu mwingine?

3. Tukipewa ukumbi kwa Jumapili moja, ni jamaa gani tutaiendea kwanza, na nani kati yetu atakwenda kuiomba?