Mashauri ya Nyumbani: Maji ya Kambini katika Nchi ya Uzigua

Mwezi huu twajibu swali ambalo waalimu hutuuliza mara kwa mara, hasa wakati wa likizo ukikaribia. Watu wakienda kupiga kambi mahali pasipo bomba, nao wanalala katika ile nyumba ndogo ya magurudumu ikokotwayo na motokaa, ambayo watu huiita trela, watayatunzaje maji yao hata yawatoshe siku tatu au nne? Trela za namna hii zina vitanda, na jiko, na tangi la maji chini ya sakafu. Najua wengi wa wasomaji hawana trela; wana hema, na gari la kuazima, na vijana wa shule. Lakini shauri ni lile lile, kwa maana maji hayajui kama yamebebwa katika tangi la bati au katika dumu.

Kwanza na tuitazame nchi yenyewe. Msafiri afikaye Korogwe huona maji mengi. Mto Pangani wapita hapo, nao watoka mbali, katika milima ya Kilimanjaro na Meru, na karibu na Korogwe hupokea maji ya Mto Luengera ushukao kutoka Usambara. Basi mgeni hudhani ya kuwa nchi yote ya karibu ina maji. Akishika njia ya Handeni mambo hugeuka upesi. Uzigua ya ndani iko kati ya Pangani upande wa kaskazini na Wami upande wa kusini, na vijito vingi vilivyo katikati huwa na maji wakati wa mvua tu, kisha hubaki mchanga. Visima vingine hutoa maji ya chumvi yasiyokata kiu. Kwa hiyo watu wa huko wamezoea kuchimba malambo ya kukusanyia maji ya mvua, na lambo likipungua, mama na binti hutembea mbali zaidi. Hata maji ya bomba ya Handeni hutoka Pangani: ule mradi mkubwa uitwao HTM huyavuta mtoni upande wa Korogwe na kuyasukuma mpaka Handeni. Bomba hilo lilizeeka, na watu wakaongezeka. Mwezi wa Juni 2022 mikataba ya maji ya miji 28 ilitiwa sahihi, kwa mkopo wa Dola za Marekani milioni 500 kutoka Benki ya Exim ya India, na Handeni imo katika miji hiyo.

Twayasema haya kwa sababu watu wa kambi hufikiri juu ya tangi lao tu. Huuliza, “Litakwisha lini?” Wakiona limekwisha, huenda kisimani kulijaza, nao huona ya kuwa shida imekwisha. Sisi twaona ndipo shida inapoanza, ila imehamia kwa mtu mwingine. Tangi la lita 100 ni ndoo tano za lita 20, na ndoo moja ni mzigo wa kichwa kimoja. Basi anayejaza tangi hilo katika kijiji cha Uzigua mwezi wa Septemba amechukua vichwa vitano vya maji, na kila kichwa ni njia ya mtu aliyeamka kabla ya jua. Kwa hiyo shauri letu la kwanza ni kwamba kambi ihesabu maji yake kwa vichwa. Mtu akiambiwa, “Umeoga lita hamsini,” hatashtuka. Akiambiwa, “Umeoga vichwa viwili na nusu,” atafunga koki mwenyewe.

Wala hesabu hiyo ya kuoga si ya kutisha watoto. Bomba la mvua la kawaida hutoa kama lita 8 hata 10 kwa dakika moja. Dakika tano ni kama lita 50. Kwa kata na ndoo mtu mzima huoga vizuri kwa lita 3 au 4: hujilowesha, hufunga mkono wake asichote tena, hujipaka sabuni mwili wote, ndipo hujisuuza. Mama zetu wote wanajua jambo hili, nao hawakufundishwa na kitabu.

Sasa natufanye hesabu ya jamaa ya watu wanne kwa siku tatu. Kunywa, kwa jua la Handeni, lita 3 kwa kila mtu, jumla 12. Kupika, lita 10. Mikono, nyuso na vyombo, lita 8. Kuoga, lita 3 kila mtu, yaani 12. Jumla ni lita 42 kwa siku, na kwa siku tatu lita 126. Wale wanaosaidia watu katika maafa wana kipimo chao, kwamba mtu mmoja asipate chini ya lita 7 na nusu hata 15 kwa siku, kwa kadiri ya mahali. Nasi hapa tumempa kila mtu lita 10 na nusu. Basi tangi la lita 100 na madumu matatu ya lita 20 huwa lita 160. Dumu moja lifungwe, liwekwe chini ya kitanda, wala lisiguswe ila gari likiharibika njiani. Kumbukeni tena ya kuwa lita moja ina uzito wa kilo moja. Maji yote hayo ni kilo 160, sawa na watu wawili wanene, kwa hiyo madumu yawekwe karibu na magurudumu, yasirundikwe nyuma kabisa, maana trela iliyolemewa nyuma huyumba barabarani.

Kabla ya kuondoka, koki zitazamwe. Tone moja kila sekunde ni matone 86,400 kwa siku. Tukihesabu matone manne kuwa mililita moja, hayo ni zaidi ya lita 21, kichwa kizima na zaidi, kimemwagika mchana na usiku bila mtu kujua. Trela nyingine zina pampu ya umeme, nayo husukuma maji kwa nguvu kuliko haja. Ile ya kukanyagwa kwa mguu ni bora, kwa kuwa mguu ukichoka maji hukoma. Asiye na pampu na afanye kibuyu chirizi, ambacho waalimu wengi wamekwisha kukifunga karibu na vyoo vya shule: dumu la lita 5 limetobolewa tundu dogo kwa msumari wa moto, limetundikwa katika kijiti kwa kamba, na kamba nyingine imefungwa kwenye mti wa kukanyagia chini. Ukikanyaga, dumu huinama, maji huchirizika kama uzi. Ukiondoa mguu, yamekoma. Mikono haigusi koki, wala hakuna anayesahau kufunga.

Katika kupika kuna maji mengi yapoteayo bila kuonekana. Maharage yalowekwe tangu jana yake, na sufuria ifunikwe. Yasiyolowekwa huchemka muda mrefu zaidi, na kila mara mpishi huongeza maji na kuni. Mihogo na mahindi ya kuchoma hayataki maji hata kidogo, nasi twastaajabu kwamba watu wa mjini wakienda kambini hupeleka wali siku zote. Mboga zioshwe katika bakuli, si chini ya koki, na maji yale yawe ya kwanza ya kuoshea sufuria. Vyombo vifutwe kwanza kwa majani au karatasi, na sufuria yenye masizi isuguliwe kwa majivu yakiwa makavu. Kisha maji ya sabuni katika karai moja: vikombe kwanza, sahani baadaye, sufuria mwisho. Karai la pili ni la kusuuzia, nayo maji hayo, yakichafuka kidogo, huwa maji ya sabuni ya mlo unaofuata. Kwa njia hii karai mbili hutosha jamaa nzima.

Juu ya choo hatutasema mengi. Choo cha kuvuta maji cha nyumbani humeza lita 6 hata 9 kila mara, na hakifai kambini. Shimo lichimbwe, mbali na maji, na majivu yamwagwe ndani.

Lakini kuna mahali ambapo hatutaki mtu aweke akiba. Tumesikia kiongozi wa kambi akijisifu ya kuwa vijana wake walikunywa kikombe kimoja asubuhi na kimoja jioni. Hilo si kutunza maji, ni kuwadhuru watoto. Kijana aumwaye kichwa, mwenye midomo mikavu, na mkojo wake ni wa rangi ya chai, huyo amekwisha kukaukiwa, naye apewe maji mara moja, kidogo kidogo. Vivyo hivyo mikono: baada ya choo na kabla ya kula, sabuni na maji, hata kama hakuna atakayeoga siku hiyo. Kambi inayobana maji ya mikono itayatapanya mara mbili kwa kuwauguza wanaoharisha. Na mwenye kuharisha apewe lita moja ya maji safi yaliyotiwa vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vijiko vya kusawazishwa, visivyojaa kichuguu. Naye apelekwe kwa mganga wa zahanati.

Maji yakipungua na ikalazimu kuchota lambo, yajulikane kuwa ni maji ya hatari. Ng'ombe hunywa humo, na konokono wa kichocho hukaa humo; watoto wasiingie kuoga. Mto Pangani nao una mamba. Maji ya matope yatulie katika ndoo; walio na mbegu za mlonge huzimenya, huzitwanga, huzikoroga na maji kidogo, huzichuja na kuzitia, na baada ya saa moja au mbili tope limekaa chini. Maji yaliyo juu yamiminwe pole pole kwa kitambaa safi. Lakini yasidhaniwe kuwa yamekwisha kuwa safi: sharti yachemke hata yatokote sana. Kuni zikikosekana, chupa nyeupe zipitishazo mwanga zijazwe maji yasiyo na tope na zilazwe juani saa sita; mawingu yakiwa mengi, siku mbili. Siku za kambi ya Uzigua mara nyingi jua halikosekani.

Wakati wa vuli, kuanzia Oktoba, na masika, kuanzia Machi, mbingu yenyewe hujaza tangi kwa mwenye akili. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Turubai la mita 4 kwa 3, likitandazwa mbele ya trela na pembe moja ikishushwa juu ya pipa, hukusanya lita 120 kwa mvua ya milimita 10, yaani vichwa sita, na hakuna mtu aliyetembea. Mvua ya kwanza iachwe ioshe vumbi la turubai, ndipo pipa liwekwe.

Maji machafu nayo yana njia yake. Wengine huegesha trela ukingoni mwa lambo kwa sababu pana kivuli, kisha hufungua kizibo cha tangi la maji machafu, na sabuni yote huteremkia humo ambamo kijiji chote huchota. Twasema waziwazi kwamba huo ni utovu wa adabu, hata mtendaji awe mtu mwenye elimu nyingi. Trela na isimame hatua themanini au zaidi kutoka kwenye maji, na maji machafu yapokewe kwa ndoo, yachujwe mabaki ya chakula, yamwagwe shinani mwa miti, kila siku mahali pengine.

Na ikiwa hapana budi kuomba maji kijijini, mgeni asiende kisimani na mipira yake. Aende kwanza kwa mwenyekiti wa kijiji, apige hodi, aulize, “Mzee, maji ya mwezi huu yakoje?” Akijibiwa kuwa ni haba, asijaribu kuyanunua kwa bei kubwa kuliko wanavyonunua wenyeji. Mchuuzi wa madumu atampa, kwa kuwa ni biashara yake, lakini jioni ile bei imepanda kwa mjane wa jirani, na mgeni amekwisha kwenda zake. Ni heri kurudi Korogwe na kujaza huko, hata kama mafuta ya gari yatagharimu zaidi ya maji.

Siku ya kuondoka, maji safi yaliyobaki yasimwagwe mchangani ili kupunguza uzito. Yaachwe katika nyumba ya jirani, na dumu lile lililofungwa libaki garini mpaka nyumbani. Kisha tangi lioshwe kwa maji ya klorini kidogo, lisuuzwe, liachwe wazi likauke kabisa, maana tangi lililofungwa likiwa na unyevu huota utelezi, na watakaosafiri baadaye watayanywa yaliyomo.