Wenye bodaboda nao wawachangie vijana



Nina dukuduku juu ya kazi za vijana wetu wanaokwenda Dar es Salaam.

Ndugu zetu waliotoka huku Singida miaka ya 1970 walikwenda Ubungo kutafuta kazi ya kiwandani. Palikuwa na kiwanda cha nguo cha Urafiki, kilichojengwa kwa msaada wa China na kuanza kazi 1968, na UFI kilichotengeneza majembe. Viwanda vya umma viliyumba miaka ya 1980, na katika miaka ya 1990 vingi vikabinafsishwa au kufungwa. Leo hapo hapo Ubungo, palipokuwa stendi ya mabasi ya mikoani kabla ya kuhamishiwa Mbezi 2021, kimefunguliwa mwaka 2025 kituo cha biashara chenye maduka zaidi ya 2,000. Jembe tunalonunua mnadani sasa limetoka ng'ambo.

Sisemi kwamba huduma si kazi. Mimi mwalimu natoa huduma, wala sijapata kufua jembe. Lakini mfanyakazi wa kiwanda alikuwa na mshahara, chama chake na akiba NPF, na akiumia, mwajiri alijulikana. Kijana wa bodaboda naye ana tajiri, na kila jioni humpelekea hesabu, hata siku ya mvua isiyo na abiria. Akigongwa, tajiri huulizia pikipiki kwanza.

Kijijini kwetu wamerudi wawili niliowafundisha darasa la saba. Mmoja hatembei bila magongo, na hospitali imelipwa kwa ng'ombe wa baba yake. Yaani mkulima wa alizeti wa Singida ndiye bima ya usafiri wa Dar es Salaam!

Wapo watakaosema vijana hao wamejiajiri, na kwamba NSSF huwapokea waliojiajiri. Ni kweli huwapokea. Lakini anayepeleka hesabu kwa mwenye chombo amejiajiri vipi? Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi upo, nao huchangiwa na mwajiri. Basi pikipiki ya biashara inapokatiwa leseni, mwenye chombo aonyeshe mkataba wake na dereva pamoja na risiti ya mchango. Asipokuwa nazo, leseni isitolewe.

Naomba wizara inayohusika na kazi itujibu kupitia ukurasa huu.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Iramba, Singida.