Barua ya wazi kwa Mtendaji Mkuu wa TANROADS: Kurugenzi zinapopokezana barabara

Wakala wa Barabara Tanzania, unaojulikana zaidi kwa jina la TANROADS, ulianza kazi Julai 2000 chini ya Sheria ya Wakala za Serikali. Kabla ya hapo barabara kuu zilikuwa mikononi mwa wizara ya ujenzi yenyewe. Tangu wakati huo wizara imebaki na sera, na wakala umebeba utekelezaji: kupanga, kusanifu, kujenga na kutunza barabara kuu na barabara za mikoa za Tanzania Bara, mtandao unaozidi kilomita 36,000. Barabara za wilaya, za mitaani na za kuingia vijijini zilikuwa za halmashauri hadi Julai 2017, zilipokabidhiwa TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini ulio chini ya TAMISEMI, ofisi inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa.

Mpaka kati ya barabara za wakala hizo mbili uko wazi kwenye Sheria ya Barabara ya mwaka 2007. Barabarani hauonekani. Shimo likitokea hatua tatu kutoka pale mtaa unapopokea lami ya barabara kuu, bodaboda hulikwepa kwa kupanda begani mwa barabara, na mwenye duka la jirani hulijaza kifusi ambacho mvua ya kwanza hukizoa. Simu hupigwa kwa mwenyekiti wa mtaa, kisha kwa diwani. Hakuna kati yao mwenye barabara hiyo.

Kileleni mwa TANROADS yuko Mtendaji Mkuu. Chini yake kazi imegawanywa kwa kurugenzi, na mgawanyo huo umefuata maisha ya barabara: kuna wanaoifikiria kabla haijawapo, wanaoijenga, na wanaoitunza ikishaanza kupitika. Huduma Saidizi hushughulikia watumishi, fedha na utawala, na kando yao kuna vitengo vya sheria, ununuzi, mazingira na ukaguzi wa ndani. Ni mgawanyo wa busara, na haupaswi kulaumiwa kwa kila barabara iliyobomoka.

Kurugenzi ya Mipango ndiyo inayohesabu magari, inayopima udongo na kuandaa upembuzi yakinifu na usanifu wa kina. Kosa likiingia hapa hukaa kimya kwa miaka. Kalavati la sentimita 60 mahali ambapo korongo linadai la sentimita 90 halimsumbui mtu siku ya uzinduzi, linasubiri masika.

Kazi ya Kurugenzi ya Miradi ndiyo inayofahamika zaidi kwa wananchi. Kurugenzi hii ndiyo inayokabiliana na mkandarasi na mhandisi mshauri, na matunda yake hupigwa picha: daraja la juu la Tazara lililozinduliwa mwaka 2018 na kupewa jina la mhandisi Patrick Mfugale, aliyekuwa akiuongoza wakala huo, au Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3 juu ya Ziwa Victoria, lililofunguliwa Juni 2025. Hata ujenzi wa uwanja wa ndege wa Msalato, Dodoma, umepita mikononi mwa wakala huu.

Kurugenzi ya Matengenezo haina utepe wa kukata, na ndiyo inayostahili kutazamwa kwa muda mrefu zaidi. Lugha ya kazi yake ina majina manne. Matengenezo ya kawaida ni kufyeka nyasi, kuzibua mitaro, kuziba viraka. Ya muda maalumu ni kurudishia tabaka la lami au changarawe lililochakaa. Sehemu korofi ni yale maeneo machache yanayoikwamisha barabara nzima, na madaraja yana matengenezo yake. Kati ya hayo, yale ya kawaida, yaliyo rahisi kuliko yote, ndiyo yenye faida kubwa kuliko yote. Mchanga na chupa za plastiki zikijaa mdomoni mwa kalavati, maji hukosa pa kupita na hulala begani mwa barabara. Yanapenya polepole hadi kwenye tabaka la chini, udongo unalainika, na roli la kwanza lenye mzigo linapokanyaga, lami inapasuka kama ganda la yai. Kazi ya koleo na toroli ingemaliza shida hiyo kwa asubuhi moja. Ikicheleweshwa, inageuka kazi ya greda, kijiko na mkandarasi.

Fedha za kazi hii zinatoka kwenye Mfuko wa Barabara, unaojazwa na tozo katika kila lita ya mafuta, na sheria inataka angalau asilimia 90 ya mfuko iende kwenye matengenezo. Kwa hiyo kila abiria wa daladala ameshalipia ule mtaro. Ugumu uko kwenye kalenda: mwaka wa fedha unaanza Julai, na mkataba unapochelewa kusainiwa, mkandarasi hufika eneo la kazi mvua za vuli zikiwa zimeshatangulia.

Mizani nayo ni sehemu ya utunzaji. Sheria ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari, ya mwaka 2016, inaweka kikomo cha tani 56 kwa gari lote na tani 10 kwa ekseli moja yenye matairi manne. Tani mbili za ziada kwenye ekseli hiyo zinaonekana kidogo, lakini madhara kwa lami hupanda kwa takriban kipeo cha nne cha uzito, hivyo tani 12 huumiza barabara kama mara mbili ya tani 10. Anayepimwa kwenye mizani ya Vigwaza analinda lami ya kwenda hadi Tunduma.

Kwa mwananchi, kurugenzi zote hizi zina sura moja: Meneja wa Mkoa. Ofisi yake ndiyo inayofyeka, inayosimamia mikataba midogo, inayokagua madaraja baada ya mafuriko na inayolinda hifadhi ya barabara, ambayo sheria ya 2007 iliipanua kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande. Ndiyo pia inayochora ile alama ya X ukutani, nyekundu kwa asiyestahili fidia, kijani kwa aliyekutwa na upanuzi huo.

Maungio dhaifu ya muundo huu yako kati ya Miradi na Matengenezo. Barabara ikikamilika huingia kipindi cha matazamio, mara nyingi mwaka mmoja au zaidi, ambapo kasoro za ujenzi ni mzigo wa mkandarasi. Kipindi kikiisha, kasoro ileile inakuwa mzigo wa Mfuko, yaani wa mnunua mafuta. Tarehe hiyo ni ya thamani kubwa, na wakazi wa kando ya barabara, ambao ndio wa kwanza kuona ufa, hawaijui.

Mtendaji Mkuu anaombwa kwanza aagize kwamba kabla ya matazamio kufungwa, mhandisi wa matengenezo wa mkoa aitembee barabara yote kwa miguu, kalavati kwa kalavati, na wenyeviti wa vijiji waitwe waonyeshe maji yalikosimama masika iliyopita. Anaombwa pia akubaliane na TARURA kuweka alama kila makutano ya barabara zao, ili mwenye duka ajue shimo ni la nani. Na kila barabara iliyojengwa iwe na bango lenye jina la mkandarasi, tarehe ya mwisho ya matazamio na simu ya ofisi ya Meneja wa Mkoa. Wakati wa ujenzi bango la mradi huwapo, kisha linaondoka na mkandarasi. Linaombwa libaki.