Komredi, Gombea Ujumbe

Ndugu na dada mlioko Chuo Kikuu cha Meru na cha Embu. Mtihani ukipangwa Ijumaa saa saba, nani atakusemea kwenye kikao? Kulalamika WhatsApp tumeshazoea.

Na usiseme sisi huku ni wachache. Tangu sheria ya vyuo vikuu irekebishwe 2016, kila idara au kitivo huchagua wajumbe watatu, na wajumbe hao ndio wanaochagua baraza la wanafunzi. Huhitaji kura za chuo kizima, bora wenzako wa idara wakujue. Tena wajumbe wa jinsia moja wasizidi wawili, kwa hivyo dada, usikae nyuma. Ukiwa mjumbe, wanaotaka uongozi watakuja kukuomba kura. Hapo ndipo unawauliza kuhusu Ijumaa.