Unga wa Matunda Si Badala ya Dawa

Katika miaka ya karibuni masoko yetu yamejaa vidonge, chupa na pakiti za unga vinavyosemekana vimetokana na matunda. Mnunuzi huhakikishiwa kuwa kijiko asubuhi na kijiko jioni kitashusha shinikizo la damu, kitasafisha mishipa ya moyo na kuondoa kisukari. Wanaolengwa hasa ni watu waliovuka umri wa miaka 40, ambao ndio kwanza wameambiwa na tabibu kuwa shinikizo limepanda au sukari imezidi. Kwa kuwa jambo hili linagusa uhai wa watu, tumeona ni wajibu kulisema waziwazi.

Matunda yenyewe hatuyalaumu hata kidogo. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale angalau gramu 400 za matunda na mboga kila siku. Tunachopinga ni dhana kwamba manufaa ya tunda yaweza kukamuliwa na kutiwa katika kidonge bila kupotea.

Dhana hiyo ilikwisha pimwa. Walao matunda na mboga kwa wingi walionekana kuugua moyo na saratani kwa uchache, basi wataalamu wakadhani siri imo katika beta-karotini, ambayo hupatikana katika karoti, maembe na mapapai. Nchini Marekani madaktari wanaume wapatao 22,000 walifuatiliwa kwa takriban miaka 12, nusu yao wakimeza beta-karotini na nusu vidonge visivyo na kitu. Mwaka 1996 ikatangazwa kuwa vidonge hivyo havikuwakinga na maradhi ya moyo wala saratani. Nchini Finland hali ilikuwa mbaya zaidi: miongoni mwa wavuta sigara 29,000, waliopewa beta-karotini walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wenzao.

Hata maji ya tunda si sawa na tunda. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 katika jarida la BMJ la Uingereza, juu ya watumishi wa afya zaidi ya 187,000 wa Marekani, ulionyesha kuwa walao matunda mazima, hasa bluberi, zabibu na matufaha, walipata kisukari kwa uchache, lakini wanywaji wa maji ya matunda walikipata kwa wingi zaidi. Tunda zima lina nyuzinyuzi zinazochelewesha sukari kuingia katika damu; likikamuliwa na kuchujwa, nyingi hutupwa.

Wapo watakaosema: "Haya ni ya asili, hayawezi kudhuru." Na watazame balungi. Mwaka 1989 watafiti wa Kanada waligundua kuwa maji yake huzidisha mno dawa ya shinikizo iitwayo felodipini katika damu, kwa kuwa huzuia kimeng'enya cha utumbo kinachoivunja dawa hiyo. Hali kadhalika hufanya kwa baadhi ya dawa za kushusha lehemu. Kitu cha asili nacho kina nguvu, na nguvu isiyopimwa ni hatari. Ubuyu wetu nao uliporuhusiwa katika soko la Umoja wa Ulaya mwaka 2008, uliruhusiwa kama chakula, si kama dawa.

Ndugu wasomaji, hatari kubwa kuliko zote ni mtu kuacha dawa aliyoandikiwa kwa sababu amenunua kopo la unga. Shinikizo la damu aghalabu haliumi. Aliyeacha dawa hujiona mzima, humsifu muuzaji, huku mishipa yake ikiharibika kimyakimya, hata siku moja kiharusi kimwangushe mbele ya wanawe.

Basi tunawasihi wenye umri huo wapime shinikizo na sukari, wasiache dawa bila idhini ya tabibu, na wamweleze kila wanachokimeza, hata kama ni unga wa matunda. Fedha ya kopo hilo yatosha kununua mapapai na machungwa ya nyumba nzima. Na wauzao tunawaambia: msimwahidi mgonjwa msichoweza kukithibitisha, kwani atakayelipa gharama ya ahadi hiyo ni yeye na watoto wake.