Pato la Ziwa Lisiishie Njiani

Wananchi wenzangu wa Sindo, na ninyi jirani zetu wa Mbita, Nyandiwa, Karungu na Muhuru Bay, naomba leo tuzungumze kuhusu joto. Ndilo linaloivisha ugali wetu na kukausha omena wetu. Ndilo pia linalotupokonya samaki kati ya wavu na sufuria, ilhali mvuvi amekesha ziwani.

Je, umewahi kujiuliza ni nini hasa kinachomharibu samaki?

Kila kiumbe hai hupata nguvu kwa kuvunjavunja chakula ndani ya seli zake. Katika miili yetu, sukari iliyotokana na ugali hukutana na oksijeni tunayovuta, na mwishowe hutoka maji, kaboni dioksidi na nishati. Sehemu ya nishati hiyo huhifadhiwa katika kemikali iitwayo ATP. Hiyo ndiyo inayosukuma kasia, inayoinua karai, inayomwezesha mtoto kufanya hesabu darasani. Zaidi ya nusu ya nishati hutoka kama joto, ndiyo maana mwili wako haupoi hata ukilala usiku wa upepo wa ziwa.

Samaki akifa, seli zake hazipati oksijeni tena. ATP yake inakwisha na misuli inakakamaa. Yule aliyepigana na wavu kwa muda mrefu hukakamaa mapema zaidi, kwa kuwa akiba yake ilikwisha kutumika majini. Baada ya hapo bakteria waliokuwa kwenye ngozi, matamvua na matumbo huanza kazi. Nao wana seli, nao wanatafuta nishati. Nyama tuliyowawekea watoto inawalisha wao.

Bakteria hao wanahitaji vitu viwili: joto na maji. Nakuomba ulikumbuke hilo, maana mengi nitakayosema yanatoka hapo. Anayeweka barafu anawanyima joto. Anayeanika juani anawanyima maji.

Tuanze na barafu. Wengi wetu tunaona inavyoyeyuka tunasikitika, tukidhani fedha zetu zinamwagika. Kumbe kuyeyuka ndiko kazi yenyewe. Kilo moja ya barafu, ikiyeyuka tu bila hata kupanda kupita nyuzi 0, hufyonza kilojuli 334. Joto hilo lingetosha kupandisha kilo ya maji kutoka nyuzi 0 hadi nyuzi 80! Ndiyo sababu ndoo ya maji baridi haiwezi kushika nafasi ya barafu.

Kilo moja ya samaki aliyetoka kwenye maji yetu ya vuguvugu inahitaji kunyang'anywa karibu kilojuli 95 ili afike nyuzi 0. Ukipiga hesabu, kilo ya barafu ingetosha kilo tatu na zaidi za samaki. Lakini jua nalo linadai sehemu yake, na kuta za kasha, na hewa kila kifuniko kinapofunguliwa. Kwa hiyo huku kwetu kwenye joto ni salama kupanga kilo kwa kilo, tabaka la barafu, tabaka la samaki, na barafu juu. Acha tundu chini ya kasha maji yatoke. Mbuta aliyetunzwa hivyo mapema hukaa wiki mbili hata tatu akiwa mzuri. Aliyeachwa kwenye jua hamalizi kutwa.

Najua barafu ni ghali na hutoka mbali. Je, si tunaweza kununua kwa pamoja, mitumbwi mitatu minne kasha moja? Na siku isipopatikana, loweka gunia, wafunike samaki nalo, waweke kivulini penye upepo. Maji yanapogeuka mvuke huondoka na joto. Gunia halifikishi samaki nyuzi 0, ila linakupa saa za kufika sokoni.

Hapa nitawarudisha nyuma kidogo, maana kisa hiki nakipenda. Katika majira ya baridi ya 1782 kuingia 1783, mjini Paris, wanasayansi wawili, Lavoisier na Laplace, walimweka simbilisi, mnyama mdogo anayefanana na panya mnene, ndani ya chombo kilichozungukwa na barafu. Wakasubiri kwa saa kadhaa, kisha wakapima maji yaliyoyeyuka. Walipolinganisha joto la mnyama na la makaa yanayotoa kiasi kile kile cha kaboni dioksidi, waliona hayapishani sana. Wakasema kupumua ni kuungua kwa taratibu. Barafu ile ile unayoweka juu ya mbuta ndiyo iliyofundisha ulimwengu kwamba ndani yetu mna moto usio na mwali. Walimu wetu, si jambo zuri kuwasimulia watoto wa wavuvi?

Sasa omena. Samaki huyu mdogo, karibu robo tatu ya uzito wake ni maji. Kilo nne mbichi zina maji ya kilo tatu hivi, na karibu yote sharti yaondoke. Kila kilo ya maji inayogeuka mvuke hubeba kilojuli kama 2,400, mara saba ya zile za barafu. Jua linatupa nguvu hiyo bure: saa sita mchana, mbingu ikiwa safi, mita moja ya mraba hupokea karibu kilowati moja.

Jua peke yake halitoshi, mama zangu. Mvuke ukishatoka lazima upepo uupeleke mbali. Omena waliotandazwa mchangani hupata hewa upande mmoja tu. Upande wa chini hubaki na unyevu, na mchanga hushikamana nao. Kichanja cha miti na neti kuukuu, kilichofika kiunoni, huwapa hewa juu na chini. Mbuzi na kuku hawawapitii. Watandaze safu nyembamba, uwageuze. Mzigo uliokauka sawasawa huenda kwa bei ya chakula cha binadamu. Ulionyeshewa mara nyingi huishia kwenye chakula cha kuku, na jasho lako likawa nusu bei.

Tuingie jikoni, maana hapo baba pia ana sehemu yake. Sindo iko kando ya ziwa lililo mita zaidi ya 1,100 juu ya bahari, hivyo maji yetu huchemka karibu nyuzi 96, si 100 kama ya Mombasa. Maji yakishachemka, kuni za kuzidisha haziyapandishi hata uzi mmoja. Zinageuza maji kuwa mvuke tu. Unapopika nyoyo, yaani mahindi na maharagwe, loweka maharagwe usiku, chemsha, kisha punguza moto na ufunike sufuria. Yataiva vilevile, na vilima vya Gwassi vitabaki na miti yake.

Na ninyi vijana mnaovuta nyavu, jasho linapoza mwili pale linapokauka. Linalodondoka halijakusaidia. Kunywa maji safi kabla kiu haijakushika, na ukipata kivuli, kitumie.

Ombi langu kwa viongozi wa BMU, vikundi vyetu vya usimamizi wa ufuo: katika mkutano ujao, suala la makasha ya barafu na vichanja lipewe nafasi. Kanuni za BMU za 2007 ziliwapa jamii za ufuoni sauti juu ya uvuvi wao, na hili linafaa sauti hiyo. Kila kundi lianze na kichanja kimoja kabla ya mvua za masika. Fundi yupo, miti iliyopandwa ipo, neti kuukuu zimejaa nyuma ya nyumba.

Mkikimaliza, waiteni wa bichi jirani waje wakitazame, na msiwafiche vipimo.